Kiti Kilichonyooshwa kwa Nyundo

Kitambaa kilikataa kukauka.

Si chote. Mgongo wa ndege, kuanzia nyuma ya kiti cha rubani mpaka mkiani, ulikuwa umekaza vizuri. Ukiugonga kwa kidole unalia kama ngoma. Ila kipande kimoja chenye upana wa mgongo wa mtu, pale pale nyuma ya kiti, kilibaki kimelegea na chenye unyevu. Averil Maltby alikipaka dawa ya kukazia mara ya pili, akakisogezea hita, akaenda kunywa chai. Aliporudi kilikuwa vilevile. Alikiwekea kiganja, akakiondoa upesi. Kilikuwa na joto, na hita ilikuwa imezimika.

"Dawa imeharibika hiyo," alisema Clive Wragg, fundi mkuu wa lile banda la kutengenezea ndege, bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini.

"Dawa ni ya kopo moja, Clive. Mbona kwingine imeshika?"

"Basi mkono umezeeka, bi mkubwa."

"Mkono huu ulikuwa unavisha ndege nguo wewe ukiwa bado unavishwa nepi. Usinichezee."

Wakacheka, na kazi ikaendelea. Lakini alasiri hiyo Averil alipovaa koti lake kwenda nyumbani, alijikuta anazunguka banda kwa upande wa mbali ili asipite karibu na kile kitambaa. Alijishangaa. Alikuwa amefanya kazi humo ndani miaka mingi, katikati ya mashamba ya Lincolnshire, Uingereza, na hakuwahi kuogopa hata panya.

Ndege yenyewe ilikuwa ya kiti kimoja, ya kivita, ya enzi za Hitler. Mara ya kwanza ilianguka kwenye kinamasi cha pwani ikiwa na kijana wa Kipolandi, Witold Zaremba, aliyekuwa amekuja kuwapigania Waingereza kabla hata hajajifunza lugha yao. Ndege ikalala topeni zaidi ya miaka arobaini. Clive, akiwa bado kijana, alikuwa miongoni mwa walioifukua, wakaijenga upya, wakaandika jina la yule Mpolandi chini ya kioo kama ilivyo desturi yao, na kila kiangazi ikawa inaruka kwenye maonyesho watu wanashangilia. Mara ya pili ilianguka juzi juzi tu, kwenye shamba la bitiruti, mbele ya watu wenye aiskrimu mkononi. Safari hii rubani alikuwa Corin Maltby, mtoto wa kiume wa pekee wa Averil.

Sasa watu wa ndege za kale wana ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ni kupenda kitu cha asili, kile kile cha mwanzo. Ndege ikivunjika vipande, wao hawasemi imekufa. Maadamu kibati chake cha namba kipo, na vyuma vyake vya zamani viwili vitatu vimepatikana, wataizungushia mwili mpya na kuapa kwamba ni ile ile. Kwa hiyo kila chuma cha zamani kinathaminiwa kuliko dhahabu. Kiti cha ndege ile kilikuwa cha asili. Kiliingia kinamasini na Witold, kikaingia kwenye bitiruti na Corin, na mara zote mbili kikatolewa kimekunjamana. Clive alikinyoosha kwa nyundo ya mbao, taratibu, akiwaita wenzake waje waone alivyofuta kila kunyanzi. Wote walimsifu. Averil mwenyewe alikipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Kwingineko duniani kitu kama kile kingeitwa kitanda cha maiti na kingezikwa, lakini pale bandani hakuna hata mmoja aliyelifikiria jambo hilo.

Desturi yao nyingine ni kwamba rubani akifa, familia huulizwa: tujenge upya, au tuache? Baba wa watoto alikuwa amekwenda zake Hispania kitambo, hana habari, kwa hiyo waliulizwa wawili tu. Bryony, dada yake Corin, ambaye naye ni rubani, alisema iachwe ioze. Averil akasema ijengwe.

Alikuwa na sababu yake, na ilimla usiku na mchana. Wachunguzi walikuwa wameandika kwamba kosa lilikuwa la Corin. Ndege ikikosa kasi karibu na ardhi, rubani anatakiwa kuisukuma fimbo ya usukani mbele, pua ishuke, mabawa yashike hewa tena. Anayeogopa huvuta fimbo tumboni, na kuvuta ndiko kunakomaliza kazi. Wachunguzi waliikuta fimbo imevutwa mpaka mwisho. Corin, aliyekuwa akiwafundisha wengine wasivute! Mama yake hakuweza kulimeza hilo. Alitaka ile ndege ipae tena ili watu wamkumbuke mwanawe kwa ndege yake, siyo kwa lile kosa.

"Haya," Bryony alimwambia siku ile, macho mekundu. "Ukiijenga, nitairusha mimi. Sitaki mtu baki akalie pale."

Baada ya kitambaa ikaja harufu. Ilianza mchana wa mvua: harufu ya udongo uliolimwa, majani ya bitiruti yaliyopondwa, na petroli. Averil aliijua. Alikuwa ameinusa siku ile shambani, amepiga magoti, watu wamemshika mabega. Alimtazama Clive, na Clive alikuwa ameacha kufungua nati.

"Umeisikia?" aliuliza Averil kwa sauti ya chini.

"Upepo tu. Wanavuna huko nje."

"Februari hii wanavuna nini, Clive?"

Clive aliweka spana chini. Alikwenda kuweka birika jikoni, maana Waingereza ukiwaambia kuna mzuka watakuuliza kwanza kama unatia maziwa.

Kisha ikaja mikanda. Kila asubuhi Averil aliikuta mikanda ya kiti imefungwa, imekazwa juu ya kiti kitupu. Aliifungua bila kumwambia mtu. Kesho yake akaikuta imefungwa tena, imekaza zaidi. Na siku moja jua likielekea kuzama, akiwa amekaa chini ya mkia anashona mshono wa mwisho, kibawa cha mkia kilichokuwa kinaning'inia juu ya kichwa chake kilianza kupanda, polepole, bila upepo na bila mkono, kikapanda mpaka mwisho wake na kubaki pale kinatetemeka, kinatetemeka jinsi mkono wa mtu unavyotetemeka akibeba kitu kinachomzidi nguvu. Na Averil, ambaye alijua kwamba kibawa kile hakiwezi kupanda ila fimbo ya usukani ivutwe kule mbele, alibaki na sindano hewani, anasikiliza, mpaka akasikia kutoka ndani ya chumba cha rubani pumzi za mtu anayehema haraka haraka.

"Corin?" alinong'ona.

Kibawa kikaanguka chini kwa kishindo. Harufu ya bitiruti ikamjaa kooni.

Nitasema lilivyo: hakukimbia. Aliweka shavu lake kwenye kile kitambaa chenye joto nyuma ya kiti, akalia, na machozi yake yalikuwa ya furaha. Mama aliyezika sanduku lililofungwa, akaambiwa asifungue, amempata mwanawe. Hakutaka mtu ajue, asije akamfukuza.

Angeendelea kunyamaza kama si siku ya kujaribu injini. Waliisukuma ndege nje, wakaufunga mkia kwa minyororo kwenye zege, na Bryony akapanda. Injini ikanguruma, majani yakalala chini. Clive akanyanyua kidole gumba. Halafu Averil akaona kibawa cha mkia kinapanda, na uso wa binti yake nyuma ya kioo ukabadilika, na mdomo wake ukafunguka, na kwa kuwa injini ilikuwa inanguruma hakuna aliyesikia anachopiga kelele, waliona tu jinsi alivyokuwa akisukuma kwa mikono yote miwili kitu kisichosogea, jinsi alivyokuwa akipapasa mikanda isiyofunguka, na minyororo ya mkia ikawa inalia kwa kuvutwa, mpaka mkono wake ukaifikia swichi na pangaboi likasimama.

Clive alilazimika kuikata mikanda kwa kisu. Bryony alishuka akikanyaga ovyo, akamshika mama yake mabegani.

"Kuna mtu mle, mama. Anavuta fimbo. Mimi nasukuma, yeye anavuta. Nilisikia magoti yake nyuma ya magoti yangu."

"Ni kaka yako," alisema Averil.

Bryony alimwachia mabega. "Ulikuwa unajua? Ulijua, ukaniacha nipande?"

Clive alitupa kisu chini. "Mimi naita kasisi," alisema. "Mtanicheka mkitaka."

Hakuna aliyecheka. Kila askofu wa nchi ile ana kasisi wake wa mambo kama haya, ingawa hawamtangazi. Wa kwao aliitwa Ambrose Tunnard, mzee mnene wa kanisa la kijiji, mfuga nguruwe, aliyekuja na chupa yake ya maji ya baraka ndani ya mfuko wa dukani. Alikula keki aliyoandaliwa, akaizunguka ndege mara moja, akaweka mkono kwenye kile kitambaa.

"Maskini," alisema. "Huyu hajui."

"Hajui nini, baba?" aliuliza Averil.

"Kama amekufa. Wanaokufa ghafla ndivyo walivyo. Kwake yeye bado yuko hewani, anaanguka. Ninyi mmemrudishia kiti chake, kimenyooshwa, kimepanguswa. Ataamka humo aende wapi?"

Averil alishika ukingo wa bawa. Yeye alidhani mwanawe amerudi nyumbani. Kumbe wiki zote hizo, kila alipoweka shavu pale na kufurahi, mwanawe alikuwa anaanguka.

"Mfukuze basi," alisema Clive.

"Kumfukuza naweza. Lakini atakwenda hivyohivyo, anaanguka. Ni lazima aambiwe, na aambiwe na mtu anayemwamini." Tunnard alimgeukia Averil. "Mama, utaweza?"

Wakamsaidia kupanda. Bryony hakutaka, alimshika mama yake mkono mpaka vidole vikaachana. Tunnard alisimama chini, akafungua kitabu chake cha sala, na Clive akavuta milango ya banda ili upepo usiingie. Averil akakaa kwenye kiti kilichonyooshwa kwa nyundo. Kilikuwa cha baridi, kisha kikawa cha joto. Mikanda ikampanda mapajani na mabegani yenyewe, ikajifunga kwa mlio mdogo, na ile harufu ikaja nzito kiasi cha kuhisi udongo katikati ya meno, na mbele yake fimbo ya usukani ikaanza kutetemeka, ikija, ikija, na juu ya mikono yake aliyoiweka pale akahisi mikono mingine, na mmoja kati ya hiyo aliujua, aliujua kama unavyoujua mkono uliouvusha barabara ukiwa mdogo.

"Mama?" Sauti ilikuwa sikioni, ya mtu aliyeishiwa pumzi. "Mama, haitaki kunyanyuka."

"Nipo, mwanangu."

"Nimesukuma. Nasukuma mama, wallahi nasukuma, mbele kabisa. Si mimi ninayevuta."

Averil alifumba macho. "Unasukuma?"

"Kama ninavyowafundisha. Waambie nilisukuma."

Kilio kilimtoka Averil kama kikohozi. Zile karatasi zote za wachunguzi, zile nyuso za huruma dukani, na mtoto alikuwa amefanya sawa. Alikuwa amefanya sawa mpaka mwisho.

"Najua, Corin. Nitawaambia wote. Sasa nisikilize. Huanguki tena. Umeshafika chini, mwanangu. Ulifika zamani. Tulikuja, tukakuchukua, tukakuzika karibu na bibi yako. Acha fimbo upumzike."

Pumzi zile zikapungua kasi.

"Iliuma?" aliuliza, kitoto.

"Hapana," alisema Averil, ambaye hakujua. "Haikuuma hata kidogo."

"Bryony yupo?"

"Yupo hapo chini, analia. Anakupenda."

"Mwambie asipande hii." Kisha, polepole, kidole kimoja kimoja, ule mkono aliokuwa akiujua ulimwachia. Harufu ya bitiruti ikafifia. Averil alihisi pale alipokuwa mwanawe pakawa hewa tupu, na akatamani kumwita arudi, akauma mdomo mpaka damu ikatoka, asimwite.

Lakini fimbo haikuachiwa.

Ilibaki tumboni mwake, imevutwa, na juu ya mikono yake bado kulikuwa na mikono miwili. Ilikuwa myembamba, ya baridi, yenye tope la chumvi. Harufu nyingine ikapanda, ya kinamasi. Na sauti nyingine, ya kijana ambaye hata ndevu hazijamkaa vizuri, ikasema neno moja nyuma ya shingo yake.

"Mamo."

Neno hilo halina haja ya mkalimani. Averil alielewa mambo yote kwa pamoja: aliyevuta ni nani, aliyemuua mwanawe ni nani, na kwamba aliyefanya hivyo alikuwa mtoto aliyeogopa, yule Mpolandi wa kinamasini, anayeanguka tangu zamani hizo, ambaye mama yake alikufa huko kwao bila kuja kumwambia. Alijaribu. "Umefika chini, mwanangu," alisema. Mikono haikulegea. Kijana hakuelewa hata neno.

"Mamo," akarudia, na akaegemeza kichwa chake begani kwa Averil.

Aliposhuka, walimzunguka. Bryony alimkumbatia.

"Ameondoka?" aliuliza Tunnard.

"Corin ameondoka," alisema Averil. Ulikuwa ukweli. Yale mengine aliyaweka moyoni, akijiambia ni kwa siku moja tu, mpaka apate maneno ya kumwambia yule kijana, kwa lugha yake, kwamba amefika chini. Agizo la Corin kwamba Bryony asipande nalo hakulisema.

Maneno aliyapata upesi. Mjini Boston, ule wa huko huko Lincolnshire, kuna Halina, mwanamke wa Kipolandi anayeuza soseji na mkate mweusi. Alimfundisha akimkatia soseji, akamrekebisha matamshi, wala hakumuuliza ya nini. Averil aliyarudia ndani ya gari mpaka yakawa mepesi. Alasiri ile ile alipanda, mikanda ikajifunga, mikono ya baridi ikaja juu ya mikono yake.

"Mamo."

Akafungua mdomo. Akafikiria jinsi patakavyokuwa kimya baadaye. Nyumbani kulikuwa na chumba ambacho hajakigusa, kuna viatu vya mpira mlangoni vya mtu asiyevivaa. Kila mtu alikuwa amekwenda. Huyu alikuwa bado anamwita.

Kesho, alijiambia. Akamwimbia badala yake, kwa sauti ndogo, wimbo wa kubembeleza watoto.

Ikawa kila siku hivyo. Clive alidhani anakwenda kumuaga mwanawe, akamwachia nafasi. Hata yeye alikuwa mtu mwingine tangu Averil amweleze kwamba Corin alisukuma, alikuwa akiandikia wachunguzi barua za hasira. Bryony alianza kulala usingizi. Wakajaribu injini tena, Averil akiwa amekaa kwanza, akinong'ona ndani ya chumba cha rubani "tulia, tulia," na siku hiyo fimbo ilitii. Hapo Bryony akakata shauri.

"Nitairusha, mama. Kwa ajili yake. Sasa ni safi, si ndiyo?"

"Subiri kidogo," alisema Averil.

"Nisubiri nini? Umesema ameondoka."

"Ameondoka."

"Basi."

Siku ya kuruka ilipambazuka bila wingu. Watu walianza kuegesha magari kwenye majani, Tunnard alikuja na keki safari hii, na ndege ilisimama nje iking'aa. Averil alikuwa ametangulia. Alikuwa kwenye kiti, mikanda imemkaa kifuani, na maneno ya Halina alikuwa nayo kwenye ulimi, yamekamilika, mepesi. Aliapa atayasema leo. Alijua kitakachotokea asipoyasema. Alijua kuliko mtu yeyote duniani. Kichwa chenye tope kilikuwa kimelala begani pake, na mikono ile ilikuwa imeshika yake bila kuvuta, imetulia.

Nje, Bryony alikuwa anakuja kwenye majani, kofia ya rubani mkononi, nywele zake zinapeperuka. Alisimama karibu na bawa, akatabasamu.

"Mama! Shuka basi, zamu yangu."

Na ndani, karibu na sikio, kwa sauti ya mtoto anayeogopa kuachwa: "Mamo?"

"Abee, mwanangu," akaitika Averil.

Bryony akadhani ameitikiwa yeye. Akavaa kofia, akaweka mguu juu ya bawa.

"Nipe mkono, mama," alisema, akaanza kupanda.

Mikono ya Averil haikusogea. Ilikuwa imeshikwa, na yale maneno ya Halina alikuwa hajayasema.